Mtoto wa Paka Katika Nyumba Isiyotaka Wanyama

Muhula uliopita wadogo wetu wawili wa darasa la nane walinijia jioni wamebeba kikapu. Ndani yake mlikuwa na mtoto wa paka, mdogo hata macho yake hayajafunguka vizuri. Walikuwa wamemnywesha maziwa matamu ya kopo, tena wamemlaza chali kama wanavyolazwa watoto wachanga wa binadamu. “Kaka, mbona anakoroma?” wakaniuliza. Hakuwa akikoroma. Maziwa yalikuwa yameingia mapafuni. Usiku ule akafa, na yule mdogo zaidi kati yao alilia mpaka asubuhi.

Kwa sababu hiyo nimeona yafaa niandike habari hizi. Mimi mwenyewe nimewahi kulea paka mmoja wa namna hiyo, naye akaishi. Lakini nilimlea kwa siri, katika nyumba ambayo mwenyewe alikwisha kukataza wanyama, na siri ile ilikaribia kuleta msiba mkubwa kuliko kufa kwa paka. Basi nitaeleza yote mawili, malezi na siri, maana moja bila la pili ni nusu ya habari.

Wazee wa shule yetu wanaolisoma gazeti hili watakumbuka maisha ya kupanga chumba. Vitanda vya bweni havitutoshi sote, na kwetu ni Quionga, karibu na mlango wa mto Ruvuma, mbali mno kwa kwenda na kurudi kila siku. Mji wa Palma uliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 watu wengi walikimbia, nyumba nyingi zikaharibika, na mimi niliporudi kusoma nilitafuta chumba muda wa wiki tatu. Mwishowe nikakipata kwa Bibi mmoja mjane, jirani na pwani. Masharti yake yalikuwa matatu: kodi ilipwe kabla ya tarehe tano, moto usiwashwe chumbani, na mnyama asiingie uani. Sharti la tatu alilieleza. Yeye huishi kwa kuanika samaki. Chanja zake za dagaa na pweza zimejaa ua mzima. “Paka si najisi, mjukuu wangu,” aliniambia, “najua dini yangu. Lakini paka ni mwizi.” Nikakubali kwa kinywa changu mwenyewe. Nalikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mtihani unakuja, na pale nikifukuzwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Siku niliyomwona paka ilikuwa siku ya bamvua. Nilikuwa nikipita pwani baada ya masomo, nikasikia sauti nyembamba chini ya mashua iliyopandishwa ili itiwe kalafati. Nikainama, nikamwona amejikunyata kwenye mchanga uliolowa. Mkono ulinitoka kumshika. Fundi akanizuia. “Ngoja kwanza, mwanangu. Pengine mama yake yuko mawindoni.”

Neno lile la fundi ndilo la kwanza kulikumbuka. Paka mwenye watoto huwaacha saa nyingi kutafuta chakula, tena huwahamisha mmoja mmoja kwa kuwashika shingo kwa meno. Ukimkuta mtoto peke yake, mkavu, amelala kimya, yawezekana sana kwamba hakutupwa. Ukimchukua, wewe ndiwe unayemfanya yatima. Kaa mbali, ungoje, utazame. Walakini maji yalikuwa yakijaa, na bamvua haingojei mtu. Basi nilimbeba hatua chache tu mpaka juu ya mstari wa mwani, mahali ambapo mama angeweza kumsikia, nikakaa chini ya mnazi tangu alasiri hata magharibi. Hakuja. Ndipo mtoto wa fundi aliporudi kutoka sokoni akasema kwamba mbwa walikuwa wameua paka jike palepale siku mbili nyuma.

Nikamtia shatini, nikaingia uani kwa mlango wa nyuma. Bibi alikuwa akisali.

Jambo la kwanza chumbani lilikuwa joto. Watu wengi wakiona mtoto wa paka amelegea hukimbilia maziwa, na hapo ndipo wengi hufa. Paka mdogo, katika wiki zake za kwanza, hawezi kuuhifadhi joto mwili wake kama afanyavyo mkubwa, ambaye joto lake huwa kama digrii 38 hadi 39. Mwili ukipoa, tumbo nalo huacha kusaga chakula, na maziwa yatakayoingia yataoza humo humo au kurudi kooni. Nilimtia kidole kinywani, nikaona ubaridi kama wa samaki. Basi nilijaza chupa maji ya moto kiasi, nikaizungushia kapulana mara mbili ili isimwunguze, nikamlaza kando yake ndani ya sanduku la karatasi ngumu, na kumwachia nafasi ya kujiondoa akiona joto limezidi. Baada ya kiasi cha saa moja kinywa kilipata moto, naye akaanza kulia kwa nguvu. Hapo nilifurahi, kisha nikaogopa, maana ukuta kati yangu na Bibi ni wa udongo na miti.

Kabla ya kulisha, yapasa kuujua umri. Hesabu yake si ngumu. Paka huzaliwa kipofu, masikio yamelala, uzito wake kama gramu 100. Macho hufunguka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, nayo huwa ya buluu kwa watoto wote, hata wale watakaokuwa na macho ya manjano baadaye. Kama wiki ya tatu masikio husimama na meno madogo ya mbele huchomoza. Wiki ya nne hutembea bila kuyumba sana. Huyu wangu alikuwa na macho ya buluu, masikio yamesimama, meno ya mbele yametoka na yale makali ya pembeni yanachomoza. Nikakisia karibu wiki nne. Kesho yake nilimpeleka kwa muuza viungo sokoni, akampima kwenye mizani ya bizari: gramu 310. Paka wa umri ule aliyenyonya vizuri hukaribia 400. Muuza viungo akaniuliza kama namnunua kwa kilo.

Sasa maziwa. Maziwa ya ng’ombe ni chakula cha ndama. Maziwa ya paka yana protini na mafuta mengi zaidi, na ile sukari ya maziwa ya ng’ombe huwaharisha paka wengi. Mtoto mdogo akiharisha siku moja au mbili hukaukiwa maji na kufa. Maziwa matamu ya kopo ni mabaya zaidi, na wala hayamfurahishi kama tunavyodhani: mwaka 2005 wataalamu walionyesha kwamba paka hawana uwezo wa kuonja utamu wa sukari, kwa kuwa sehemu moja ya urithi wao inayohusika na ladha hiyo imeharibika. Tui la nazi, ambalo jirani mmoja alinishauri, lina mafuta ya kumharisha vilevile. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka, na anayeweza kuyapata kwa mganga wa wanyama mjini na ayanunue. Mimi sikuyapata. Nilichukua maziwa mazito ya kopo yasiyotiwa sukari, nikayachanganya sawa kwa sawa na maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakoroga ndani yake kiini kidogo cha yai. Hicho si chakula cha miezi. Ni cha siku chache, mpaka meno yaweze kazi.

Namna ya kumpa ni hii, na wadogo zangu waisome mara mbili. Paka hunyonya amelala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo. Kamwe usimlaze chali. Nilitumia bomba la sindano lisilo na sindano, lililonunuliwa dukani kwa dawa, nikitia tone moja moja pembeni mwa mdomo na kungoja ameze. Wa chini ya wiki mbili hutaka kulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kazi ambayo mwanafunzi peke yake ataishindwa. Tena hao hawawezi kukojoa wenyewe: mama huwalamba, na wewe sharti uwapanguse taratibu chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu kila baada ya chakula. Wangu alikwisha kupita hapo. Nilimlisha alfajiri, nikakimbia nyumbani wakati wa mapumziko ya saa nne, nikamlisha tena adhuhuri, alasiri na usiku. Mwalimu wa michezo alinisifu kwa mbio zangu.

Baada ya siku tano nilianza kumpa samaki, na hapa pwani tunayo mengi ya kujifunza, maana twadhani paka na samaki ni jambo lisilo na maelezo. Baadhi ya samaki, hasa jamaa ya dagaa, wakiwa wabichi wana kitu kinachoiharibu vitamini B1 mwilini. Paka akiwala wabichi siku zote hupatwa na udhaifu wa neva, huyumba na kupinda shingo. Moto huondoa shida hiyo. Basi wachemshe, bila chumvi, uwatoe miiba, uwaponde na supu yao. Samaki wa kuanikwa kwa chumvi hafai. Mchuzi wetu wenye vitunguu haufai hata kidogo, kwa maana kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu damu ya paka. Na ugali wenye supu, ambao ndio chakula cha paka wengi wa mitaani, hujaza tumbo tu. Paka ni mla nyama kwa maumbile: kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mwili wake hauwezi kukifanya cha kutosha, nacho hupatikana hasa katika nyama na samaki. Mwaka 1975 wataalamu waligundua kwamba akikikosa macho yake hupofuka, na mwaka 1987 wakaona kwamba moyo wake nao hulegea. Mioyo ya kuku, ambayo mwuza kuku wa kuchoma alinipa bure, ina taurini nyingi. Nikabadilisha: leo samaki, kesho moyo wa kuku. Wiki ya pili mizani ya muuza viungo ilisema 420.

Viroboto nitawataja upesi, lakini kwa msisitizo. Kwa paka mdogo viroboto wengi huweza kumaliza damu. Usimpake dawa ya mbwa wala unga wa kuulia wadudu. Nyingi kati ya dawa hizo zina pamethrini, ambayo mbwa huistahimili na paka huuawa nayo. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, mchane kwa kitana cha meno membamba, mkaushe mara moja asipate baridi. Minyoo huipata katika maziwa ya mama, hivyo tumbo kuwa kubwa si dalili ya kushiba. Dawa yake apewe kwa kipimo cha bwana mifugo.

Jina nililompa ni Kalafati. Alikuwa jike.

Kwa haja zake nilimwekea beseni lenye mchanga wa pwani. Paka wa wiki nne hujifunza mwenyewe kufukia, ukimweka humo baada ya kula. Kila siku mbili tatu nilikuwa nikingoja Bibi atoke, kisha nautupa ule mchanga nyuma ya bafu, karibu na kitalu cha mchicha. Nilijiona mwerevu. Usiku alipolia nilisoma kwa sauti, na nadhani hakuna mpangaji aliyewahi kusikika akiisoma Fizikia kwa bidii kama mimi.

Siku ya kumi na nane mwalimu wa Biolojia alitufundisha habari za vijidudu vya chembe moja. Alichora mviringo ubaoni, akaandika jina: Toxoplasma gondii. Akasema kwamba mwaka 1908 watafiti wawili waliokuwa Tunis walikiona kijidudu hicho katika mnyama mdogo wa Afrika ya Kaskazini mfano wa panya, aitwaye gundi, na kwamba ilipita miaka sitini kabla ya kujulikana kwamba paka ndiye anayekitoa kwa kinyesi. Mayai yake yakitoka hayana madhara mara moja. Yanahitaji siku moja hata tano udongoni ndipo yaweze kuambukiza, na katika udongo wenye unyevu huishi miezi mingi. Mtu mwenye afya akiyameza, mara nyingi hata hajui. Lakini mwanamke akiyapata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba, huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni, nayo mimba ikaharibika, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho na ubongo.

Nikaacha kuandika. Binti wa Bibi alikuwa na mimba ya miezi mitano, na yeye ndiye aliyekuwa akichuma mchicha kila jioni nyuma ya bafu.

Nataka nisimwonee paka. Mwalimu alieleza pia kwamba paka wengi hukitoa kijidudu hicho kwa wiki chache tu maishani, baada ya kula nyama mbichi au panya kwa mara ya kwanza, na kwamba watu wengi hukipata kwa nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kumshika paka si kosa. Mchanga ukiondolewa kila siku, na mtu asiye na mimba, mayai hayapati muda wa kuiva. Mimi ndiye niliyeyapa muda. Niliuacha mchanga siku tatu chumbani, nikaumwaga kwenye mboga za watu, wala sikumwambia yeyote, kwa kuwa nalitaka kukilinda chumba changu. Kama Bibi angejua kwamba yumo paka, binti yake angalijihadhari.

Niliporudi nilimkuta Bibi akigeuza dagaa.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba. Mbona umerudi mapema? Unaumwa?”

Nikamweleza yote, tangu bamvua mpaka ubao wa mwalimu. Hakuacha kugeuza samaki. Mwisho akauliza, “Tangu lini?”

“Siku kumi na nane, Bibi.”

“Nami nilinunua dawa ya panya juzi,” akasema, “kwa kusikia makucha yale ukutani.”

Hilo nalo sikuwa nimelifikiri, kwamba paka anayefichwa aweza kuuawa na mtu asiyekusudia.

Bibi hakupiga kelele. Akamwita binti yake, akamwambia asiguse tena mchicha ule, aende kliniki kesho na aeleze. Kisha akanipa jembe. Nilichimba udongo wa kitalu kizima kina cha kiganja, nikaupeleka mbali na visima na kuufukia. Mchicha wote ulikwenda nao, na thamani yake niliilipa. Binti kule kliniki aliambiwa aoshe mboga kwa maji mengi, asishike udongo kwa mikono mitupu, ale nyama iliyoiva, na asikose siku zake za kupimwa. Muuguzi alipoona mikwaruzo mikononi mwangu aliniuliza habari za kichaa cha mbwa. Nikamwambia mama wa paka aliuawa na mbwa. Akanikemea kwa kutokuja mapema. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na mnyama asiyejulikana, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku ileile, kwa kuwa dalili zikishaanza karibu hapana anayepona, bali chanjo ikiwahi humwokoa mtu, kama ilivyojulikana tangu Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885.

Kwa upande wa Kalafati hukumu ilikuwa siku tatu, awe ametoka. Nilimwomba Bibi afikiri tena. Akasema, “Ungaliniuliza siku ile ya kwanza ningalikataa vilevile. Lakini siku ileile ungalimpelekea mtu anayemtaka.”

Ni kweli. Wanaomtaka paka wapo, ila si wale wanaoanika samaki. Nilikwenda kwa wenye maghala ya mahindi na mchele. Wa kwanza alitaka paka mkubwa. Wa pili alisema atamchukua lakini hatamlisha, ili njaa imfanye mwindaji. Huyo nilimkatalia, maana paka mwenye njaa huondoka kwenda kutafuta jalala, na ghala hubaki na panya wake. Wa tatu, mzee aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi, hakuuliza lolote ila jina. Alisema katika ujana wake hakusafirisha nafaka bila paka chomboni. Nikamwambia niliyoyasoma: huko Saiprasi, kisiwa kisichokuwa na paka wa asili, wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Ufaransa walitangaza mwaka 2004 kwamba wamekuta kaburi la miaka kama 9,500, paka amezikwa kando ya mtu. Hapana budi alivuka bahari katika chombo cha watu. Mzee akacheka, akasema nahodha yule alikuwa na akili.

Tulipatana kwamba Kalafati alishwe kila jioni, achanjwe kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, na afungwe kizazi bwana wa mifugo atakapopatikana, kwa kuwa paka jike huweza kushika mimba hata akiwa na miezi minne, na baada ya wiki tisa hivi kuna watoto wengine chini ya mashua nyingine. Chanjo amepata. Hilo la pili bado tunalingojea.

Binti wa Bibi alijifungua mtoto wa kike, mzima, macho yake yanafuata taa. Nilipomwona nilitoka nje kidogo.

Chumba ninacho hata leo. Bibi bado asema kwamba paka ni mwizi, na sharti la tatu halijabadilika. Lakini juzi asubuhi alinipa kifurushi cha jani la mgomba, akasema ni dagaa waliobaki, nikawatupe popote nitakapopita. Nilikifungua njiani kuelekea ghalani. Walikuwa wamechemshwa, hawana chumvi, na miiba imetolewa.